Nafasi Kabla ya Nukta

Watu walimwita Miwani, ingawa macho yake yalikuwa mazima na hakuwahi kuvaa miwani, hata ya jua. Alikuwa fundi katika duka la miwani. Alikata vioo, akasugua kingo zake mpaka viingie kwenye fremu bila kulazimishwa, na alikaza zile skrubu ndogo ambazo ikidondoka moja sakafuni, duka zima linapiga magoti. Kazi hiyo ilimfundisha kuona vitu vidogo, na mara nyingine kuviona vikubwa kuliko vilivyo.

Harusi yake ilipokaribia, mchumba wake alipita dukani na bahasha. Mchumba alikuwa fundi wa lifti, na asubuhi hiyo kulikuwa na watu wamekwama kati ya ghorofa na ghorofa, kwa hiyo hakuketi.

"Dada kanipa hizi," alisema. "Ni nakala za majaribio tu. Kadi, mpangilio wa meza na ratiba. Amesema mzikague, mkiona kosa mseme kabla hajachapa zote."

"Mwenyewe hawezi kuzileta?"

"Ana kazi nyingi. Halafu si unamjua?"

Hakumjua, na hilo ndilo lililomsumbua. Wifi yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, ila wino hakuugusa. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kujaza nyaraka: unampa orodha ya wanafunzi na kiolezo kimoja cha cheti, kompyuta inatoa vyeti vya shule nzima, kila kimoja na jina lake na namba yake. Harusi ya kaka yake aliamua kuifanyia kazi hiyo iwe ndiyo zawadi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mchumba alipenda kutania kwamba mtandao ukisumbua nyumbani kwao, ujue wifi amenuna. Mwanzoni Miwani alicheka. Siku hizi hakucheka tena, kwa sababu kununa kulikuwa kwa kweli: salamu zimekuwa fupi, simu haipokelewi, na walipokutana mara ya mwisho kwa mama mkwe, wifi alimtazama muda wote kama mlinzi anayekagua kitambulisho chenye picha isiyofanana na mtu.

Alizitandaza kadi chini ya taa ya kazi. Za upande wa bwana harusi zilipendeza. Jina limekaa katikati ya kisanduku, herufi nene, zimejaa vizuri. Kisha akazigeukia za upande wake. Majina yalikuwa madogo, tena madogo ya kukodoa macho. Kadi ya shangazi yake ilikuwa na jina jembamba kama mstari wa sisimizi, na nafasi tupu juu na chini yake. Na jina la ukoo wao, lile lenye *ng'* mwanzoni, lilikuwa limeharibika: baada ya kile kikoma cha juu kulikuwa na herufi kubwa imechomoza katikati ya neno kama jino lililokosea njia.

Alijiambia ni kosa tu. Akaendelea na kioo alichokuwa anakikata, akakikata vibaya.

Mchana Shangazi akaja. Huyu alikuwa dada wa baba yake mzazi, ambaye alifariki Miwani akiwa bado mtoto wa mgongoni. Shangazi alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu aliingia kila chumba kama anayemtafuta mtu aliyejificha chini ya kitanda.

"Nasikia kadi zimetoka. Hebu."

Aliishika kadi yake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaivulia miwani, akaivalia tena.

"Hili ndilo jina langu?"

"Ndilo, Shangazi."

"Wao wameandikwa kama bango la barabarani, sisi kama yale maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Na huku wamelivunja jina la ukoo. Nani kafanya hivi?"

"Kompyuta, nadhani."

"Kompyuta ina ugomvi gani na sisi? Kompyuta inamjua nani wa upande gani?" Alishavuta karatasi ya mpangilio wa meza. Kidole chake kilitembea juu ya ukumbi uliochorwa, kikapita meza za mbele, kikaendelea, kikafika nyuma. "Hii hapa. Meza ya pili, watu wetu. Iko wapi? Ukutani, jirani na mlango wa jikoni. Meza ya kumi iko mbele, ya kumi na moja iko mbele, sisi wa pili tuko nyuma tunapigwa na moshi. Mwanangu, mtu akikuhesabu wa pili halafu akakukalisha nyuma ya wa kumi, anakwambia nini?"

Miwani aliigeuza ile karatasi upande wa pili.

"Huyo wifi yako hakutaki," Shangazi alisema kwa upole. "Na mwanamke asiyekutaka hakutukani waziwazi. Anakuandika kwa herufi ndogo."

Ratiba aliipitia kwa haraka bila kusema neno, akailaza chini ya kadi, akaaga.

Baada ya kuondoka kwake ndipo Miwani alipoichukua ile ratiba. Ilikuwa ukurasa mmoja, saa upande wa kushoto na maelezo upande wa kulia. Wageni wataketi. Bwana harusi ataingia akiongozwa na mama yake, na jina la mama likafuata, kamili. Mstari wa chini yake ulisema: *Bibi harusi ataingia ukumbini akiongozwa na .*

Basi. Neno "na", nafasi tupu, kisha nukta.

Akausoma tena. Hapo palitakiwa kuwa na jina la baba yake, yaani mtu aliyemwita Baba, kwa sababu huyo mwingine hakumbuki hata sauti yake. Baba alikuwa mpaka rangi wa majumba. Alimwoa mama yake, Miwani akiwa anajifunza kutembea. Mama alipofariki, Miwani akiwa bado shule ya msingi, ndugu walikaa kikao wakigawana mtoto, na Baba akasema hapana, mtoto ana kwake. Alimsuka nywele mwenyewe, kwa subira ya mtu anayepaka rangi kwenye kona za dirisha, na zilitoka vibaya kila mara.

Herufi ndogo angeweza kuzimeza. Meza ya ukutani pia. Lakini hili! Alianza kukumbuka vitu vya zamani na kuvitazama upya. Siku ile wifi alipouliza, "Kumbe huyu si baba yako wa damu?" Wakati ule aliliona swali la kawaida. Sasa lilikuwa na meno.

Alimpigia mchumba. Kulikuwa na kelele za mitambo.

"Dada yako anatudharau," alisema.

"Nani? Dada?"

"Ametuandika kama wadudu, ametupeleka jikoni, na Baba amemfuta kabisa. Mpigie umuulize."

"Labda ni kosa la..."

"Usiniambie kompyuta. Kompyuta ina ugomvi gani na Baba?" Alijisikia akisema maneno ya Shangazi, na hayakumpendeza mdomoni, lakini alikuwa ameshayatoa.

"Yule ni dada yangu," mchumba alisema, na sauti yake ikapoa. "Sijawahi kumwona akimdharau mtu."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Haya." Akakata simu.

Nyumbani alimkuta Baba amevaa viatu vipya na soksi, suruali ni ile ya kazini yenye rangi za kila nyumba aliyowahi kuipaka. Alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani.

"Navilainisha," alisema kwa haya kidogo. "Ratiba imetoka?"

"Imetoka, ila ina makosa. Nimeirudisha." Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba akaukumbatia.

"Makosa ya nani?"

"Ya uchapaji tu, Baba."

"Nilitaka kujua tutaingia mlango upi. Maana najizoeza kwenda polepole. Mimi natembea kama rangi inakauka nyuma yangu, nitakuacha njiani." Akacheka, kisha akamtazama. "Una nini wewe?"

"Nimechoka."

Baba hakuamini, ilionekana wazi. Akaenda mpaka dirishani, akarudi, akavua viatu.

Kesho yake Miwani aliomba ruhusa kazini akaenda kiwandani. Palinuka karatasi mpya na gundi. Mashine kubwa zilikuwa chini, zikipiga kelele mpaka sakafu inatetemeka. Wifi alikuwa juu, kwenye chumba kidogo chenye kioo, kompyuta mbili mezani na mrundo wa vyeti vilivyokataliwa pembeni. Aliinua kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Kaka alinipigia," alisema. "Karibu, wifi. Kaa."

"Sikai sana." Miwani alitoa bahasha, akaiweka kadi ya Shangazi mezani. "Naomba unieleze hii."

Wifi aliitazama kadi, akafungua kiolezo kwenye skrini. "Kisanduku cha jina kina upana wake. Jina likizidi upana, programu inapunguza herufi mpaka litoshee. Nyinyi mmeleta majina manne manne. Sisi tumeandika mawili."

"Ndivyo unavyosema."

"Usiniamini. Tazama." Aliandika jina la kaka yake, majina mawili. Likajaa kisanduku. Akaongeza la babu yake, akaongeza la baba wa babu. Kila alipoongeza, jina zima lilinywea, mpaka fundi wa lifti akawa sisimizi kama wengine. "Niliijaribu kwa jina langu, na langu ni fupi. Sikuona. Nilipaswa kuruhusu mistari miwili."

"Na jina la ukoo wetu?"

"Programu inaanza kila neno kwa herufi kubwa. Ikikuta kile kikoma cha *ng'* inadhani neno jipya limeanza." Alikuna shingo. "Hilo ni la aibu kwangu. Programu yenyewe imeandikwa na watu wasiokuwa na *ng'* kwenye majina yao, lakini mimi ninao shangazi wawili wenye *ng'*, nilipaswa kukumbuka."

Miwani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na sasa hakuwa na pa kuushikiza. Akaweka karatasi ya meza. "Na sisi kukaa jikoni?"

Wifi aliitazama, akafumba macho kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu.

"Mungu wangu. Niliziingiza namba za meza kama maneno, si kama namba. Kompyuta ikipanga maneno inaangalia alama ya kwanza. Kumi, kumi na moja na kumi na mbili, ukiziandika kwa tarakimu, zote zinaanza na moja. Kwa hiyo zikaifuata meza ya kwanza. Ya pili ikasubiri mpaka zote hizo zimalizike."

"Bahati mbaya ikatuangukia sisi tu."

"Nyinyi tu? Meza ya tatu iko wapi?"

Miwani aliinama. Meza ya tatu ilikuwa nyuma ya meza ya pili, kwenye kona kabisa, mkabala na mlango wa choo, na zilizobaki, mpaka ya tisa, zilifuata ukuta wa nyuma.

"Meza ya tatu ni ya nani?" wifi aliuliza.

Ilikuwa ya mama mkwe. Jina lilikuwa pale tangu jana, na Miwani, mwenye macho ya kuona mkwaruzo juu ya kioo, hakuliona kwa sababu hakulitafuta. Alijisikia uso ukipata joto. Kicheko kidogo kikamtoka bila ruhusa, na wifi naye midomo ikacheza.

Ndipo alipoitoa ratiba. "Na hapa? Hapa pia ni upana wa kisanduku?"

Wifi hakuinama kutazama. Ule utani uliokuwa umeanza usoni mwake ukaondoka.

"Hapo kompyuta haihusiki," alisema. "Hapo ni wewe."

"Mimi?"

"Jina lilikuwepo. Niliandika mwenyewe, kaka alinitajia. Kisha shangazi yako akanipigia. Akasema umebadili mawazo, hutaki mtu wa kambo akushike mkono mbele za watu. Akasema unaona aibu kumwambia mwenyewe, na mimi nisikuulize maana utalia. Nikafuta jina."

Mashine za chini zilinyamaza kidogo, zikaanza tena. Miwani alishika kiti, akakaa.

"Mimi sijasema hivyo. Sijawahi hata kufikiri hivyo."

"Sasa naona."

"Ungeniuliza!"

"Na wewe ungeniuliza kuhusu herufi kabla hujamwambia kaka yangu kwamba nawadharau."

Wakatazamana. Wifi ndiye aliyeshusha macho kwanza.

"Baba yako alipokuja kwetu mara ya kwanza," alisema, "aliona mlango wa jikoni unakwaruza sakafu. Akautengeneza kabla hajakaa. Mama hajaacha kumtaja mpaka leo. Halafu nasikia binti yake anamwonea aibu. Nikajiuliza kaka anaoa mtu wa namna gani. Tangu siku hiyo nikawa nakuchunguza. Kila ulichosema nilikipima."

"Nami nilikuona ukinipima. Nikadhani hunitaki."

"Sikukutaka kweli. Kwa wakati ule." Aliigusa ile nukta kwa ncha ya kalamu. "Ningeweza kuufuta mstari wote, ratiba ikatoka safi. Niliuacha hivi kusudi. Nilitaka uuone. Nilitaka kujua utanirudishia jina la nani."

Miwani hakujua akasirike au ashukuru. "Andika la Baba," alisema.

"Niandike baba wa kambo, au baba?"

"Baba."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Alimkuta sebuleni anakunja mashuka, kona kwa kona, kama mabinti wa bweni bado wanasubiri ukaguzi. Miwani alikataa kiti, akakataa na maji.

"Shangazi, ulimpigia wifi?"

"Nani kasema?"

"Ulimpigia?"

Shangazi alimaliza kukunja shuka, akalipiga kofi ili lilale. "Nilimpigia."

"Ukaniweka maneno mdomoni. Halafu ukaja dukani kwangu ukaniambia yeye ndiye adui. Na ile ratiba uliipita kama huioni."

"Ile ya herufi sikuizua. Herufi zilikuwa ndogo kweli."

"Shangazi!"

Mama yule, aliyetisha mabweni kwa kuvuta pumzi tu, alikaa kwenye kiti taratibu. "Nafasi ile ni ya kaka yangu," alisema. "Kama yeye hawezi kuja kuikalia, basi ikae wazi. Sikutaka zaidi ya hapo. Yule mpaka rangi amepaka kila mahali. Nyumba aliyojenga kaka yangu, kapaka, nami sijaikanyaga tena. Wewe unamwita Baba. Nikitaja jina la kaka yangu mbele yako unaitikia kwa adabu, kama nimekutajia mtu wa gazetini. Mimi nikiondoka nani atamkumbuka?"

Miwani alikuwa amekuja na maneno mengi njiani. Mengi yakamtoka kichwani, lakini si yote.

"Ningekusikiliza ungeniambia hivyo," alisema. "Ungenihadithia habari zake. Badala yake umenifanya nionekane mtu anayemkana aliyemlea, na umetaka Baba asimame mlangoni siku ile aone nafasi yake imefutwa. Amenunua viatu, Shangazi."

Miwani akatoka. Hakumwambia Baba, wala hakukusudia kumwambia kamwe.

Kadi zikachapwa upya, majina marefu kwa mistari miwili, *ng'* ikiwa na adabu yake. Mchumba aliombwa radhi, naye akaomba radhi kwa jinsi sauti yake ilivyopoa simuni. Wifi alianza kupiga simu mwenyewe, ingawa kila alipouliza jambo aliuliza mara ya pili kwa namna nyingine, na Miwani naye kila alipojibu alijikuta akipima kama ameaminiwa. Hawakuwa wameelewana kabisa. Walikuwa wameacha kubuni tu.

Siku ya harusi Shangazi alikuja. Miwani, akiwa mlangoni ameshika mkono wa Baba, alimwona kwenye meza ya pili, ambayo sasa ilikuwa mbele. Alikuwa anaisoma ratiba, mstari kwa mstari. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Kama ni ya kuihifadhi au ya kwenda kuichana nyumbani, Miwani hakuweza kujua, na kwa njia yote kuelekea mbele alikuwa anamkodolea macho yeye badala ya bwana harusi. Baba alianza polepole kama alivyojizoeza, kisha akasahau. Ilibidi Miwani amvute koti.

Maharusi walipoingia garini kuondoka, Baba alikuja dirishani kuaga. Alikuwa na jasho, tai imepinda.

"Yule shangazi yako," alisema kwa sauti ya chini, "leo kanipa mkono. Miaka yote hii hajawahi. Tena kaushika muda mrefu, akaniuliza kama nitampeleka siku moja aione ile nyumba ya kaka yake. Wewe unadhani anataka nini?"

"Labda anataka kuiona tu, Baba."

"Mh," alisema Baba, akautazama mkono wake pande zote mbili. Hakuamini hata kidogo.